Fausto Coppi: mtoto wa kijiji cha mlimani aliyezirudisha mbio za baiskeli



Mwaka huu kamati imetuomba sisi tunaoshika vitabu vya hesabu vya chama tuandike, katika kurasa hizi, maisha ya mtu mmoja mashuhuri ambaye hayupo tena duniani. Tumemchagua Fausto Coppi, mwendesha baiskeli wa Italia aliyefariki mwaka 1960. Tunajua wapo watakaouliza Mwitaliano wa zamani hivyo anahusika vipi na harambee ya Uchindile. Tunaomba mtuvumilie kidogo, jibu lipo.

Kilichotupeleka kwake ni daftari. Tulipokuwa tukipanga nyaraka za zamani za chama, tulikuta daftari lenye matumizi ya mbio za baiskeli zilizokuwa zikifanyika nyumbani siku za sikukuu. Wengi wenu mnazikumbuka. Vijana walishindana kwa baiskeli zilezile za kazi, Phoenix na Swala, wakifungua karia na madigadi ili ziwe nyepesi. Zawadi zilikuwa sufuria, jembe, tairi jipya, na kanga kwa mama wa mshindi. Yote yameandikwa: gundi na viraka, chokaa ya kuchora mstari wa mwisho, kreti mbili za soda. Kisha ukurasa unaofuata ni mtupu, na unaofuata hivyo hivyo, mpaka mwisho wa daftari.

Hakuna mkutano uliokaa ukaamua kwamba mbio zife. Pikipiki ziliingia, fundi baiskeli aliyekuwa akizunguka kuchangisha akazeeka, vijana wakashuka na treni kwenda mjini, na ukafika mwaka ambao hakuna aliyeuliza. Sisi wahasibu tumezoea kufunga vitabu kwa kuweka mstari chini ya jumla. Daftari hili halikufungwa. Liliachwa tu. Ndiyo maana tumeona maisha ya Coppi yanafaa kusimuliwa hapa: aliziona mbio zikifa, akaziona zikifufuka, na mwisho wake aliletewa na ugonjwa ambao sisi wa Bonde la Kilombero tunaujua kuliko wengi.

Mtoto wa Castellania

Coppi alizaliwa tarehe 15 Septemba 1919 katika kijiji cha Castellania, kwenye vilima vya mkoa wa Piemonte, kaskazini ya Italia. Wazazi wake, Domenico na Angiolina, walikuwa wakulima, na Fausto alikuwa wa nne kati ya watoto watano. Nyuma yake alikuja Serse, ambaye tutamtaja tena. Castellania ni kijiji kidogo cha mlimani, cha mashamba yasiyotosha na watoto wengi, na mtu akitaka kazi ya mshahara hana budi kushuka bondeni. Mwana Uchindile haihitaji picha ili kukijua kijiji cha namna hiyo.

Alikuwa mtoto mwembamba, mwenye miguu mirefu na kifua kilichochomoza, na hakuna aliyemdhania kuwa mwanamichezo. Akiwa na umri wa miaka minane hivi aliokota baiskeli mbovu iliyotupwa stoo, yenye kutu na isiyo na breki, akaanza kuiendesha. Siku moja akakwepa shule ili aendeshe baiskeli, na mwalimu akamwadhibu kwa kumwandikisha mara 100 kwamba mahali pake ni shuleni, si juu ya baiskeli. Adhabu haikusaidia. Alipofika miaka 13 aliacha masomo, akashuka mji wa Novi Ligure kuwa kijana wa kazi katika bucha, akipeleka nyama kwa wateja kwa baiskeli. Shule yake halisi ya mbio ilikuwa hiyo: kupanda na kushuka milima kila siku akiwa na mzigo, kama vijana wetu wanaopakia magunia ya mpunga na mikungu ya ndizi.

Baiskeli ya mbio ilikuwa ghali kwa familia ile. Fedha zilipatikana kwa mchango wa ukoo. Ndugu wa baba yake, aliyekuwa nahodha wa meli na aliyeitwa Fausto pia, alitoa lira 400. Baba akaongeza 200. Jumla lira 600. Tunaitaja hesabu hii kwa makusudi. Theluthi mbili ya baiskeli ya kwanza ya bingwa mkubwa kuliko wote wa enzi yake ililipwa na ndugu aliyekuwa akifanya kazi mbali na nyumbani, na theluthi moja ililipwa na mkulima aliyebaki shambani. Hakuna aliyetoa yote, na hakuna aliyemsubiri mwenzake atoe kwanza.

Siku hizo miji na vijiji vya Italia vilikuwa na mbio zake, nyingi zikifanyika siku za sikukuu za mahali. Waandalizi walikuwa watu wa kawaida, na zawadi zilikuwa za kawaida vilevile. Katika mbio zake za kwanza, za vijana wasio na klabu, Coppi alikuwa na miaka 15. Alishinda, akapewa lira 20 na mkate uliotiwa soseji. Mwaka 1938 alishinda mbio nyingine za mji mdogo, akapewa saa ya mezani yenye kengele. Tukilinganisha na daftari letu la sufuria na majembe, hatuoni tofauti kubwa. Bingwa wa dunia alianzia mahali palepale ambapo vijana wetu waliishia.

Pale Novi Ligure alikuwapo pia mtu mmoja aliyeitwa Biagio Cavanna, bondia wa zamani aliyekuwa kipofu na aliyefanya kazi ya kuwakanda wanamichezo. Cavanna hakuweza kumwona kijana akiendesha, ila kwa vidole vyake aliisoma misuli, mapigo ya moyo na pumzi. Ndiye aliyemwambia mwenye timu kubwa kwamba kijana huyu wa bucha si wa kuachwa. Kila mbio za mtaani zinahitaji mtu wa aina hiyo, anayejua kumtambua kijana kabla dunia haijamtambua.

Miaka 20, kisha vita

Mwaka 1940 Coppi aliajiriwa na timu ya Legnano kama msaidizi wa Gino Bartali, bingwa mkubwa wa Italia wakati huo. Kazi ya msaidizi ni kumkinga mkubwa wake na upepo, kumletea maji, na kumpa gurudumu lake likipasuka la mwenzake. Katika Giro d'Italia, yaani mashindano ya kuizunguka Italia kwa takribani wiki tatu, Bartali aliangushwa na mbwa katika siku za mwanzo na kuumia. Siku kadhaa baadaye, katika mvua kali ya milimani, msaidizi alitoka peke yake na kufika Modena akiwa ametangulia kwa karibu dakika nne. Akavaa fulana ya waridi ya anayeongoza, na hakuivua tena. Alikuwa na miaka 20. Mpaka leo hakuna aliyewahi kushinda Giro akiwa na umri mdogo kuliko huo.

Mashindano yale yalimalizika Milano tarehe 9 Juni 1940. Kesho yake, tarehe 10 Juni, Italia iliingia vitani.

Giro halikufanyika tena mpaka 1946. Mashindano ya kuizunguka Ufaransa, Tour de France, yalisimama tangu 1940 hadi 1946. Mbio za Milano hadi Sanremo, ambazo zilistahimili miaka ya mwanzo ya vita, nazo zilikosekana mwaka 1944 na 1945. Barabara zilichimbika kwa mabomu, madaraja yalivunjwa, mpira wa matairi ulikuwa adimu, na vijana waliopaswa kushindana walivalishwa sare za jeshi. Mnamo Novemba 1942, katika uwanja wa Vigorelli jijini Milano, mji uliokuwa ukipigwa mabomu, Coppi aliweka rekodi ya dunia ya kuendesha kwa saa moja, zaidi ya kilometa 45. Rekodi hiyo haikuvunjwa mpaka mwaka 1956. Miezi michache baadaye, mwezi Machi 1943, alipelekwa vitani Afrika ya Kaskazini, na mwezi uliofuata alitekwa na Waingereza nchini Tunisia.

Alikaa mateka Tunisia na Algeria karibu miaka miwili. Mwanzoni mwa 1945 alirudishwa Italia ya kusini, bado akiwa mikononi mwa Waingereza, akihudumu kwa afisa mmoja karibu na Caserta. Mshindi wa Giro na mwenye rekodi ya dunia hakuwa na baiskeli. Mwandishi mmoja wa gazeti huko Napoli alilisema jambo hilo kwa wasomaji wake, akiomba mwenye uwezo amsaidie. Aliyejitokeza hakuwa tajiri wala mwenye kiwanda. Alikuwa fundi seremala wa mji wa Somma Vesuviana, chini ya mlima Vesuvio, aliyekuwa na baiskeli ya mbio na akampa. Vita vilipokwisha Coppi alirudi kwao kaskazini, mara kwa baiskeli, mara kwa kudandia malori, akipita katikati ya nchi iliyobomoka.

Tunaposema kwamba mbio zikifa huwa zimekufa kabisa, tumkumbuke seremala huyo. Miaka mitano ya vita ilikuwa imeua mashindano yote makubwa ya nchi ile. Kwa Coppi, kurudi kwenye mbio kulianza na mtu mmoja aliyetoa alichokuwa nacho.

Siku ya Turchino

Tarehe 19 Machi 1946 mbio za Milano hadi Sanremo zilirudi, kilometa zaidi ya 290. Watu walisimama kando ya barabara zilizojaa viraka kuona kama kweli maisha ya zamani yanaweza kurudi. Coppi aliondoka mapema mno, kilometa chache tu baada ya kuanza, akiwa na kikundi kidogo. Wajuzi waliona ni wazimu. Kwenye mlima wa Turchino aliwaacha hata hao wachache, akaingia peke yake kwenye handaki la kileleni, akatokea upande wa pili unaotazama bahari, na akaendelea peke yake mpaka mwisho. Alimshinda Mfaransa Lucien Teisseire, aliyeshika nafasi ya pili, kwa dakika 14. Redio ilibidi ipige muziki ili kujaza muda wa kumsubiri.

Sisi tuliozoea mahandaki ya reli ya TAZARA kati ya Mlimba na Makambako tunajua jinsi macho yanavyofanya unapotoka gizani na kuona bonde lote limefunguka chini yako. Waitaliano wengi waliishika siku ile kama siku nchi yao ilipotoka handakini.

Miezi mitatu baadaye Giro nalo likarudi, na wenyewe waliliita Giro la kuzaliwa upya. Halikurudi kwa urahisi. Barabara nyingi hazikupitika vizuri, na karibu na Trieste, mji uliokuwa ukigombewa na mataifa, msafara ulipigwa mawe na risasi zikasikika. Waendeshaji wengi waliamua kutoendelea na hatua ile. 17 kati yao walikubali kusogezwa kwa malori ili wafike Trieste, kwa sababu watu walikuwa wamesubiri. Bartali alishinda Giro lile kwa tofauti ya sekunde 47 tu juu ya Coppi. Toka hapo nchi iligawanyika kwa furaha: huku wa Bartali, kule wa Coppi, kama ilivyo kwetu Simba na Yanga. Ushindani wa wawili hao uliwapa watu kitu cha kubishania kisichomwaga damu.

Miaka ya utukufu na ya majonzi

Hatutazitaja mbio zake zote, maana zingejaza kijitabu. Kwa ufupi, alishinda Giro mara tano: 1940, 1947, 1949, 1952 na 1953. Alishinda Tour de France mara mbili, 1949 na 1952, na katika miaka hiyo miwili alishinda yote mawili, jambo ambalo kabla yake hakuna aliyeliweza. Mwaka 1953 alikuwa bingwa wa dunia huko Lugano, Uswisi.

Mambo mawili ya mwaka 1949 yanatosha kuonyesha alikuwa mtu wa namna gani. Katika Giro, siku ya kutoka Cuneo kwenda Pinerolo, njia ilivuka vilele vitano vya milima ya Alpi. Coppi aliondoka peke yake na kuendesha kilometa 192 bila mwenzi, akafika karibu dakika 12 mbele ya Bartali. Kisha katika Tour de France, siku za mwanzo, alianguka, baiskeli yake ikavunjika, na ile aliyoitaka ikachelewa kumfikia. Akawa zaidi ya nusu saa nyuma ya aliyeongoza, na alitaka kuacha kabisa arudi nyumbani. Wenzake na kiongozi wa timu walimbembeleza usiku ule. Aliendelea, na mjini Paris alifika akiwa mshindi. Mtu yule yule aliyevuka vilele vitano peke yake ndiye aliyekaribia kukata tamaa wiki chache baadaye, na kilichomwokoa ni watu waliokaa naye.

Majonzi hayakumkosa. Tarehe 29 Juni 1951 mdogo wake Serse, aliyekuwa mwendesha baiskeli pia na msaidizi wake mwaminifu, alianguka mwishoni mwa mbio jijini Torino baada ya gurudumu kunasa kwenye reli ya tramu. Alinyanyuka, akarudi hotelini, na jioni hali ikabadilika. Alifariki usiku huohuo. Fausto alikaribia kuacha michezo. Baadaye ndoa yake ilivunjika, na maisha yake na mwanamke mwingine, Giulia Occhini, ambaye naye alikuwa mke wa mtu, yaliwafikisha mahakamani, kwa maana sheria za Italia za wakati ule ziliadhibu jambo hilo. Hatumpambi. Alikuwa binadamu mwenye makosa yake, na nchi iliyomshangilia ilijua pia kumnyooshea kidole.

Afrika, Desemba 1959

Mwishoni mwa 1959 Coppi alikuwa na miaka 40. Nguvu zilikuwa zimepungua, lakini hakutaka kuacha baiskeli. Alikuwa amejiandaa kwa msimu wa 1960 katika timu mpya ambayo kiongozi wake angekuwa Bartali, mpinzani wake wa miaka yote. Kabla ya hapo alialikwa Upper Volta, nchi tunayoiita leo Burkina Faso, pamoja na mabingwa wa Ufaransa akiwamo Jacques Anquetil, Louison Bobet na Raphaël Géminiani. Nchi ile ilikuwa inakaribia uhuru wake, na wageni walialikwa kushindana na waendeshaji wa huko katika mji mkuu, Ouagadougou, kisha waende kuwinda.

Mbio zilifanyika tarehe 13 Desemba. Watu wa Ouagadougou waliwaona mabingwa wa dunia wakizunguka mitaa yao pamoja na vijana wao. Anquetil alishinda, Coppi akawa wa pili. Baada ya hapo walikwenda porini kuwinda, wakalala mahali penye mbu wengi. Coppi na Géminiani walilala chumba kimoja.

Waliporudi Ulaya wote wawili waliugua, kila mmoja kwao. Géminiani alipandwa na homa kali mno mpaka akapoteza fahamu. Huko Ufaransa damu yake ilipimwa, ikaonekana ni malaria, akapewa kwinini, akapona. Aliishi mpaka mwaka 2024. Coppi, huko Italia, alitibiwa kama mwenye homa ya mafua na kifua. Habari ya ugonjwa wa Géminiani ilipelekwa kwa simu, lakini madaktari waliokuwa naye hawakubadili mawazo. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Januari 1960 mjini Tortona. Watu waliopanda vilima vya Castellania kumzika walikuwa maelfu kwa maelfu, katika kijiji ambacho hata barabara yake ilikuwa nyembamba.

Wawili walilala chumba kimoja na kurudi na ugonjwa mmoja. Mmoja alipimwa, mwingine hakupimwa. Tofauti yao ni miaka 64.

Sisi wa Bonde la Kilombero hatuna haja ya kuelezwa malaria ni nini. Ifakara imekuwa na maabara ya utafiti wa magonjwa haya tangu miaka ya 1950, ilipoanzishwa na Mswisi Rudolf Geigy, na leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana duniani kote. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wilaya za Kilombero na Ulanga zilikuwa mahali pa kujifunzia jinsi ya kuwafikishia watu vyandarua vyenye dawa. Elimu iliyokosekana Tortona mwaka 1960 leo ipo bondeni mwetu. Kipimo cha haraka hutoa jibu kwa dakika zisizozidi 20 au hivi, na dawa mseto zipo, mradi zahanati isiishiwe.

Hapa tuna neno kwa ndugu zetu mlioko Ulaya, Marekani na Uarabuni, na hata mlioko miji ya nyanda za juu. Mnapotoka likizo nyumbani na homa ikawapata wiki moja au kadhaa baadaye, mwambieni daktari mara moja kwamba mmetoka Kilombero, na ombeni damu ipimwe malaria. Msione haya, wala msingoje aulize. Daktari wa mbali anaweza kufikiria mafua kwanza, na kwa ugonjwa huu siku mbili ni nyingi.

Walichofanya waliobaki

Kifo cha Coppi hakikuzima mbio. Burkina Faso ni nchi ya baiskeli mpaka leo. Mwaka 1987 ilianzisha mashindano yake ya kuzunguka nchi, Tour du Faso, ambayo yakawa miongoni mwa makubwa ya Afrika. Mwaka 2014 hayakufanyika kwa hofu ya Ebola, kisha yakarudi. Jirani zetu wa Rwanda walianza yao mwaka 1988. Vita na mauaji ya kimbari ya 1994 vilikata kila kitu, lakini mashindano yalirudi, tangu 2009 yakawa ya kimataifa, na Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika.

Italia kwenyewe, mwaka 1997, watu wa Gaiole in Chianti waliona barabara zao za zamani za changarawe zinaelekea kuwekwa lami zote na kusahauliwa. Wakaanzisha matembezi ya baiskeli, L'Eroica, wakaweka sharti kwamba kila anayeshiriki aje na baiskeli ya zamani. Mwaka wa kwanza walijitokeza watu 92. Leo huja maelfu kutoka nchi nyingi, na vijiji vinavyopitiwa huwalisha njiani mikate na supu. Nacho kijiji cha Castellania, chenye wakazi wasiofika 100, mwaka 2019 kilibadili jina rasmi na kuwa Castellania Coppi, miaka 100 tangu azaliwe. Kila tarehe 2 Januari watu hupanda mlima ule kumkumbuka. Mcheza kwao hutunzwa.

Katika yote hayo tumetafuta, kwa jicho la mhasibu, ni kitu gani kilirudisha mbio. Fedha zilihitajika, lakini kila mahali zilikuja baadaye. Kilichotangulia ni watu wachache waliokubali kuhesabiwa: seremala mmoja, waendeshaji 17 kwenye malori, watu 92 wenye baiskeli kuukuu.

Daftari letu

Ndiyo sababu kamati inapendekeza kwamba sehemu ya mchango wa mwaka huu iende kwenye mambo mawili. La kwanza ni kurudisha mbio za baiskeli za nyumbani, kwa wavulana na kwa wasichana, kwa baiskeli za kazi kama zamani, pamoja na vipuri kwa wasiokuwa na uwezo. Wapo watakaosema zama za baiskeli zimepita. Sisi tunaona wanafunzi wanaotembea mwendo mrefu kwenda shule, tunaona pikipiki zilizolala kwa kukosa mafuta, na tunaona vijana wanaofika mjini wakiwa hawajawahi kushangiliwa hata mara moja na watu wa kwao. La pili ni kuisaidia zahanati isikose vipimo vya malaria katika miezi ya mvua. Tumeyaweka pamoja kwa sababu ya Coppi. Kijana tutakayempigia makofi kwenye mstari wa chokaa tungependa kumwona akifika uzee.

Hatuombi mtu mmoja atoe lira 600. Aliye mbali atoe zake 400, aliye shambani atoe zake 200, na asiye na fedha lakini ana baiskeli iliyolala stoo, ailete ikarabatiwe. Kila shilingi itaandikwa, na hesabu zitachapwa katika kijitabu cha mwakani, mapato upande mmoja na matumizi upande mwingine, zikisomwa mbele ya mkutano kabla ya chakula.

Daftari la zamani tumelileta kwenye meza ya mapokezi, anayetaka kulitazama atalikuta. Majina ya washindi yamo, na baadhi yao wamo ukumbini leo. Kurasa tupu zilizobaki tumezihesabu: zinatosha mbio za miaka mingi, na kalamu tunayo.